Baba Asukulu kwenye lango yake

Leo nimemufungia mwanaume inje ya nyumba yake mwenyewe.

Baba Asukulu iko na kisanduku cha Linux, kompyuta ndogo inayowasha taa na kufungua lango. Akiwa mbali kule Mboko, anamuzimishia muke yake taa kwa simu, anacheka.

Leo muke aliniita niingie mule kama administrateur, ule anayeamuru yote. Bwana akaona kwa simu yake, akapiga: "We fundi wa radio, mot de passe, ile neno ya siri, hautaipata hata ufe."

Nikaandika asukulu. Mutoto wake wa kwanza, jina ambalo mutaa muzima unamuitia.

Ikafunguka.

"Umufute," Mama Asukulu akasema. Nikamufuta mu kisanduku, simu yake isifungue tena kitu.

Sasa amerudi, iko kwa lango, anafinya simu, mvua inamupiga. Tumewasha taa ya inje bajirani bamuone vizuri.

Munihukumu kama munataka.

Mama ameniuliza kama kisanduku kinaweza kusimamisha mvua. Nimemujibu hapana.

"Afadhali," akasema.