Mizabibu ya Dorkasi Haina Ubongo

Dorkasi wa Msalato hakuwa mtu wa kunyamazishwa, na mumewe alipofariki hakuona sababu ya kuanza kunyamaza. Alibaki na mizabibu aliyoipanda kwa mikono yake kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Kwao mti ulio hai ni wa aliyeupanda; ukifa, ardhi inarudi kwa ukoo.

Kanuni hiyo shemeji yake Bartolomayo aliijua kuliko sala. Kiwanda kilipoacha kununua zabibu na kila mkulima kuambiwa ajitafutie soko, alidai shamba lile lingefaa zaidi kwa uwele wake. Dorkasi akajaza matenga, akaenda kuwauzia wasafiri stendi.

Kiangazi kilipokolea akapogoa. Alikata matawi yote, yakabaki mashina meusi, makavu, yasiyo na hata jani. Bartolomayo akapita akaona. Kwa mtu aliyekulia kwenye uwele kule Haneti, shina la namna hiyo ni la kuchoma tu. Akaenda mbio kuita wazee.

Wakaja, mbele yao mzee Eliakimu, baba mkubwa wa marehemu. Bartolomayo alikuja na jembe kabisa begani. Akawaeleza kwamba mwanamke huyu ameua miti kwa kukatakata ovyo, na kwamba hata shuleni walifundishwa mwili unaongozwa na ubongo.

"Nyumba hii haina kichwa, shemeji," alisema. "Kitu kisicho na ubongo kitaishi vipi?"

"Uliza mzabibu," Dorkasi akamjibu. "Hauna ubongo hata wa kuazima, lakini unajua wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Wewe unao, na umekuja kung'oa mti mzima."

Mzee mmoja akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Dorkasi akachukua mkasi, akakata ncha ya shina la kwanza. Wakasubiri. Hakikutoka kitu. Bartolomayo akashusha jembe. Dorkasi akasogea kwenye mashina aliyoyanywesha ndoo kwa ndoo wiki ile, akakata tena. Pale kwenye kidonda pakang'aa. Tone likavimba, likadondoka, likafuatwa na jingine.

Mzee Eliakimu akalikinga kwa kidole, akaonja. "Uko hai huu."

"Hayo ni maji tu, baba," alisema Bartolomayo.

"Na kwenye mishipa yako mna nini, shemeji, soda?"

Mzee akaamua shamba libaki kwa aliyepanda. Kisha, kwa sauti ya upole, akaongeza kwamba hata hivyo nyumba inahitaji mwanamume wa kuisimamia, na Bartolomayo yuko tayari.

Kwa lile la kwanza Dorkasi alipiga goti akashukuru. Kwa la pili alichukua mkasi wake akaendelea kukata, mgongo amewapa wageni, jambo ambalo kwao halifanywi, na hakugeuka mpaka waliposhika njia.