Diwani Hanywi Maji

Drusilla Nyamusi alikuwa matroni wa mabweni kwa miaka mingi, katika shule ya wasichana ambayo sitaitaja kwa sababu wasichana wake wengine siku hizi ni mawakili. Dawa yake ilikuwa moja. Ukimwendea na kichwa alikwambia, "Kunywa maji ukalale." Ukimwendea na tumbo, maji. Ukimwendea ukilia kwa kumkumbuka mama yako, alikutazama kwa huruma yote ya mlango wa chuma, kisha akakuagiza unywe vikombe viwili, maana kesi yako ilikuwa nzito. Wasichana walikunywa. Wengine walipona, wengine waliona afadhali waugue kimyakimya, na wote walihesabiwa kuwa wamepona.

Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Nyanchwa, kilimani juu ya mji, tukawa majirani. Mumewe, Mose Anyona, alikuwa ameshafariki. Mwanawe wa pekee, Haron, alikuwa Amerika, na kama vijana wetu wengi walio huko, alikuwa amegeuka mtaalamu wa kila kitu kinachotokea hapa nyumbani. Aliyebaki karibu ni wifi yake, Bitutu, dada ya Mose, anayekaa boma la pili na ambaye huingia bila kupiga hodi. Hodi, asema, ni ya wageni.

Paka alijileta mwenyewe. Panya walikuwa wamehamia kwenye mahindi ghalani, na dume mmoja wa kijivu akatokea kutoka kusikojulikana, akamla panya mmoja, akaona huo ni mchango wa kutosha. Drusilla alimruhusu akae kwa masharti: atalala ghalani, hataingia chumbani, na jina hatapewa. Mwezi haukuisha, paka akawa analala kitandani na kuitwa Diwani, kwa kuwa alionekana tu chakula kikiiva na hakuna aliyewahi kumwona kazini.

Siku hizo Diwani alikula ugali uliolowa mchuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, na habari ya maji haikumshughulisha mtu. Ndipo Haron akapiga simu ya video.

"Mama, huyo paka anakula nini?"

"Ugali."

"Mama! Paka hali ugali. Nenda supamaketi utafute chakula chake, kile kikavu."

Haron mwenyewe alilelewa kwa ugali huohuo hadi akapanda ndege. Lakini ushauri ukitoka Amerika haujadiliwi. Drusilla alishuka mjini akarudi na mfuko wa biskuti za paka, zenye picha ya paka aliyeshiba kuliko watu wengi ninaowajua.

Diwani alizipenda biskuti kupita kiasi. Bakuli la maji, lililowekwa ubavuni mwa sahani, hakulipa hata salamu.

"Kunywa maji," Drusilla alimwamuru.

Diwani alimtazama, akalamba ukucha, akaenda kulala. Katika miaka yote ya utumishi wake, hakuna mgonjwa aliyewahi kumfanyia Drusilla Nyamusi kitendo kama kile. Alijaribu kumnywesha kwa kijiko, akapata mikwaruzo. Alijaribu maziwa, paka akanywa yote, kisha akaharisha kwenye zulia la sebuleni. Bitutu, aliyeshuhudia zulia, alisema kwamba kwao paka walikunywa kwenye madimbwi na hakuna aliyewabembeleza.

Basi ikafika Sabato moja, Jumamosi asubuhi. Drusilla alikuwa amevaa nguo yake nyeupe ya ushemasi na kofia, tayari kwa kanisa, aliposikia mlio nyuma ya nyumba. Diwani alikuwa amechuchumaa kwenye maua, anajikaza, na hakuna kinachotoka. Akahama maua mengine, akajikaza tena. Alipomgusa tumbo, paka alilia kama mtoto.

Mwanamke huyu aliwahi kuwafungia wasichana nje ya ibada kwa kuchelewa dakika chache tu. Leo alimtia paka kwenye kikapu, akamfunika leso, akaita bodaboda. Shida ni kwamba siku ya Sabato Nyanchwa yote inapanda kwenda kanisani, na yeye ndiye peke yake aliyekuwa anashuka. Aliwapita waumini wote mmoja mmoja, na kofia yake, na kikapu kikilia mapajani.

"Mama Haron, kanisa ni huku juu!" mmoja alimwelekeza, kwa upendo wa kidugu.

Daktari wa mifugo aliyekuwa amefungua siku hiyo alikuwa Janat, binti wa mfanyabiashara Mwislamu wa mjini, ambaye siku yake ya kufunga duka mapema ni Ijumaa. Dukani kwake palikuwa na wakulima waliofuata dawa ya kupe, na mzee mmoja wa Mosocho aliyeshika mbuzi kwa kamba. Mzee alichungulia kikapuni.

"Huyu ni paka wa mzungu?"

"Ni wangu," Drusilla akajibu, kwa sauti ile ya mabweni. Mzee akamvuta mbuzi wake kando.

Janat alimpapasa Diwani tumboni na uso wake ukabadilika. "Kibofu kimejaa kama mpira. Mkojo umeziba. Anakula nini?"

"Biskuti. Za supamaketi," Drusilla alisema, kwa fahari kidogo.

"Na maji?"

"Namwambia anywe."

Daktari alingoja kuona kama huo ulikuwa mzaha. Haukuwa.

"Na anakunywa?"

"Hapana."

"Mama, paka hana kiu kama ya ng'ombe. Kwa asili maji yake mengi huyapata ndani ya nyama anayokula. Ukimpa chakula kikavu na hanywi, mkojo unakuwa mzito, unafanya chembechembe kama mchanga, na kwa dume njia ni nyembamba, inaziba. Ungengoja mpaka kesho, ungeniletea maiti."

Janat akamchukua ndani kumpitishia mrija wa mkojo. Drusilla akabaki kwenye benchi kati ya magunia ya chakula cha kuku, kofia kichwani, mikono mapajani. Alikuwa amewauguza mamia ya watoto wa watu kwa maji matupu. Sasa akajikuta anamwombea paka, kwa jina, jina lenyewe Diwani. Aliona aibu kwa dakika moja hivi. Kisha akaendelea.

Diwani alibaki kwa Janat mpaka alipoanza kukojoa mwenyewe. Aliporudi nyumbani, alikuja na masharti. Biskuti kavu basi. Apewe samaki au nyama yenye mchuzi, bila chumvi wala kitunguu. Maji yabadilishwe kila siku, kwenye bakuli pana lisilomgusa sharubu, mbali na chakula na mbali na choo chake, tena mabakuli kadhaa sehemu mbalimbali. Maziwa hapana.

"Kanisani walikuombea," Bitutu alimpasha habari. "Walidhani umekimbizwa hospitali."

"Hukuwaambia ni paka?"

"Ningewakatizaje? Walikuwa wameshafumba macho."

Drusilla akatekeleza maagizo kwa mikono miwili. Kukawa na bakuli mlangoni, beseni kwenye korido, sufuria chini ya dirisha, sahani ya kina kando ya kitanda. Wageni waliingia, wakatazama chini, wakatazama juu, wakauliza kwa upole kama paa linavuja. Bitutu alikanyaga beseni la korido na kiatu chake kipya, akasema maneno ambayo Nyanchwa hayasemwi. Haron naye hakuachwa nyuma: akatuma, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani, kimashine cha umeme kinachobubujisha maji kama chemchemi. Kilipowashwa kilinguruma, Diwani akapanda juu ya kabati na hakushuka mpaka stima ilipopotea. Shirika la umeme lilimsaidia upesi.

Mchuzi wa samaki aliunywa, hilo lazima tuseme. Lakini maji matupu aliyapita yote kama mtu anayepita mkutano wa hadhara wa mpinzani wake.

Ndipo shemasi mwenzake Drusilla, mama mmoja mpole aitwaye Nyangate, akaja kula chakula cha mchana. Drusilla alileta jagi na beseni kumnawisha. Maji yalipoanza kumiminika kwenye mikono ya mgeni, Diwani alitoka chini ya kiti, akaingiza kichwa katikati ya viganja vya Nyangate, na kuanza kunywa.

Nyangate, ambaye huwaogopa paka kuliko nyoka, akapiga yowe.

"Usitoe mikono!" Drusilla akafoka.

"Mama Haron, ananilamba!"

"Akulambe! Kaa hivyohivyo!"

Akakaa hivyohivyo, macho amefumba, akinong'ona zaburi. Drusilla alimimina kidogokidogo, bila kupumua, mpaka jagi likaisha. Chakula kilipoa. Nyangate hajarudi tena kula pale, ingawa huuliza habari za paka kwa adabu, akiwa amesimama barabarani.

Kumbe Diwani alitaka maji yanayotembea, na yasiyonguruma. Tangu siku hiyo, asubuhi, mchana na jioni, matroni mstaafu alipiga magoti sakafuni na jagi, akimimina uzi mwembamba wa maji ndani ya beseni, huku diwani wake akinywa kwa raha zake. Bitutu aliingia bila hodi akamkuta hivyo.

"Mama Haron," alisema, na safari hii hakuwa anacheka, "ndugu yangu Mose aliugua mwaka mzima kwenye nyumba hii. Sikuwahi kukuona umempigia magoti hivyo."

Drusilla hakuinua kichwa. Maji yaliendelea kushuka.

"Mose alikuwa na mdomo," alisema. "Akiwa na kiu alisema."

Bitutu akaingia jikoni, akajaza jagi la pili, akaliweka karibu.

Diwani hajaziba tena. Janat alimpima akasema kibofu ni safi, na mzee wa Mosocho, sijui alisikia wapi, siku hizi huwaambia watu kwamba kuna paka Nyanchwa anayenawishwa kabla ya kula.

Mwaka huu wakati wa makambi ya kanisa, Drusilla alipangiwa kwenda Nyamira kusimamia chakula cha wageni. Bitutu akakubali kumwangalia paka, akieleza mara kadhaa kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya familia. Siku ya pili, katikati ya mahubiri, simu ya Drusilla ikatikisika. Akatoka nyuma ya hema.

"Amekataa," Bitutu akasema. "Nimemimina, ananitazama tu kama askari."

"Umepiga magoti?"

"Mimi? Nimpigie paka magoti?"

"Ukisimama maji yanaruka, anaogopa. Shuka chini."

Kukasikika kishindo, kisha mguno mrefu wa mwanamke mnene anayefika sakafuni bila kutaka. Kisha sauti ya maji.

"Jameni. Anakunywa! Mama Haron, anakunywa!"

"Mimina polepole."

Bitutu alikuwa ameshamsahau aliye kwenye simu. "Kunywa, baba," alikuwa akisema kwa sauti ya chini, ambayo mimi jirani yake sijawahi kuisikia. "Kunywa. Taratibu. Bado yako mengi."

Drusilla hakukata simu. Alisimama pale nyuma ya hema akisikiliza mpaka jagi lilipokwisha, na alipoulizwa baadaye alikuwa wapi wakati wa mahubiri, alisema alikuwa na mgonjwa nyumbani, akaenda kupakua chakula.