Askari Aliyeliwa Akipita

Shemeji yangu Enoka ameita mtu mwizi mara moja tu maishani mwake, na kompyuta mara moja. Kompyuta ilikuwa yangu. Mtu alikuwa Boazi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, na ndiye aliyetufikisha Ivuna na jua lile.

Mimi naitwa Jenista, nina steshenari hapa Tunduma, karibu na mpaka. Dada yangu Tabita ndiye mke wa Enoka, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema shemeji yangu nitakavyo, na yeye ana ruhusa ya kuniita mke mdogo mbele ya wateja wangu. Ruhusa hiyo anaitumia kila siku ya Mungu.

Zamani Enoka na Boazi walikuwa makarani wa mzani, kituo cha kupokelea kahawa kule Mbozi, kwenye kata ya Ruanda. Mizani miwili, makarani wawili, foleni mbili za wakulima na magunia yao. Mwaka themanini na sita alikuja fundi Mzungu kufunga mashine ya kumenyea kahawa. Kiswahili alikijua cha kuombea maji tu. Jioni akawa anawafundisha chesi kwa vidole na kutikisa kichwa: huyu anakwenda hivi, huyu anaruka, huyu hapana. Msimu ulipokwisha akaondoka, ubao na kete akawaachia wao. Alichosahau kuwafundisha hakuna aliyekijua, maana hata wao hawakujua kuwa kuna kitu kimesahaulika.

Wakaucheza mchezo ule kinyumbani. Watu wa huku wamezoea drafti, na drafti bila mdomo hainogi, basi na chesi wakaitia mdomo. Enoka alikuwa hatari. Akikukamata farasi wako anakuuliza kama ulimlisha asubuhi. Akikubana mfalme anakuimbia wimbo wa msiba, taratibu, mpaka unakosea kete. Wengi aliwashinda kwa maneno kabla ya kete. Boazi peke yake ndiye aliyemweza, kwa sababu Boazi alikuwa mkimya tu, anatabasamu, anasogeza.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Julai, mwaka tisini na moja, mapumziko ya mchana, wamekaa juu ya magunia na wakulima wamewazunguka. Enoka alikuwa anakaribia kushinda. Ana askari mmoja hajatoka nyumbani kwake. Askari, kwa wasiojua, ni zile kete ndogo za mbele. Hatua yake ya kwanza anaweza kuruka nyumba mbili za ubao kwa mpigo. Enoka akamrusha nyumba mbili, akatua ubavuni mwa askari wa Boazi, salama kabisa, maana askari hali wa ubavuni, anakula wa kona. Boazi akaangalia. Kisha akamsogeza askari wake kwa kona, akaingia kwenye nyumba tupu, ile ambayo askari wa Enoka ameiruka, akamwokota askari wa Enoka na kumweka pembeni. Yaani alikwenda pale, akala hapa.

Enoka akasimama. Akapaza sauti kuwa Boazi ni mwizi, tena mwizi wa mchana, na wote mmeona. Boazi alikusanya kalamu zake akarudi kwenye mzani.

Ingeishia hapo ingekuwa porojo za kuchekea. Lakini wale waliosimama ni watu wenye magunia. Wakaanza kujiuliza: karani anayeiba kete mbele ya macho ya watu ishirini, kilo zetu anazifanyaje akiwa peke yake na mzani? Kesho yake foleni ya Boazi ilikuwa fupi. Keshokutwa hapakuwa na foleni. Viongozi wa chama wakaja, wakaujaribu mzani wake kwa mawe ya kupimia, wakaukuta mzima, na watu wakasema ameutengeneza usiku. Enoka alipoulizwa kama mwenzake ni mwaminifu, alijibu kuwa yeye anaweza kusema alichokiona tu. Hayo maneno dada yangu aliyasikia kwa masikio yake, na hajawahi kuyasahau. Msimu haujaisha, Boazi akaambiwa apumzike. Akauza nyumba yake, akahama na mkewe. Enoka akabaki na mizani yote miwili, na ubao.

Miaka kumi na minane ikapita hivyo. Ukimtajia Boazi, shemeji anasema mwizi ni mwizi, halafu anabadilisha habari.

Mwaka elfu mbili na tisa nikanunua kompyuta nyingine, nikaivusha kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ndani yake nikaikuta chesi. Nikamwonyesha shemeji, nia yangu anyamaze kidogo niweze kuhudumia watu. Nilijichongea mwenyewe. Alikuwa anafika kabla sijafungua, na koti lake la kahawia, anavuta kiti.

Kwanza hakuiheshimu. Redio iliwahi kutangaza, miaka ya tisini huko, kuwa mashine imemfunga bingwa wa dunia, na Enoka alisema huyo bingwa alikuwa anacheza kimya ndiyo maana. Mchezo ule ulikuwa na ngazi kumi. Ngazi ya kwanza alishinda huku anakunywa chai. Ya pili akashinda. Ya tatu alifungwa mara tano, akashinda ya sita, akaninunulia soda. Ya nne ndiyo ilimkalisha. Na muda wote huo anaisema ile kompyuta: anaiuliza ukoo wake, anaiimbia msiba, anaiambia mama yake anaiita nyumbani. Wateja wakawa wanajaa mlangoni kuangalia mzee anayetukana kioo. Kompyuta inasogeza tu. Hilo lilimchanganya kuliko kufungwa kwenyewe. Aliniambia siku moja kwamba haelewi, kila mtu aliyewahi kucheza naye ana mahali pa kumchoma, lakini hii hapaoni.

Basi ikafika Jumanne moja. Ngazi ya nne, shemeji yuko vizuri, ametulia. Akamrusha askari nyumba mbili, akatua ubavuni mwa askari mweusi. Kompyuta ikafikiri kidogo. Askari mweusi akaenda kwa kona, kwenye nyumba tupu nyuma ya yule wa Enoka, na askari wa Enoka akatoweka.

Alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Mwizi," alisema. "Jenista, kompyuta yako ni mwizi. Wote mmeona."

Nikamwambia akae chini, kuna watu wanataka fotokopi. Hakukaa. Alisema hiyo ni mali ya Nakonde, ina virusi, niitafutie dawa. Ili nipate amani nikaiwashia ile programu ya kusaka virusi, na sote tukasimama tunaingoja, dakika arobaini, foleni inanuna. Haikuona kitu. Akasema basi na hicho kisaka virusi nacho kinaumwa. Akauchukua mchezo, akapanga zile kete upya, akairudisha ile hali ileile. Ikala tena. Akapanga tena. Ikala tena.

Aliyetutoa kwenye kizungumkuti kile ni dereva wa lori, Mzambia, aliyekuwa anangoja nakala za karatasi zake za mpakani. Alichungulia kioo akacheka, akamwita Enoka bashikulu, yaani babu, kwa heshima kabisa, akamwambia kuwa ile si hitilafu, ni sheria. Shuleni kwao waliifundishwa. Askari akiruka nyumba mbili ili apite ubavuni mwa askari wa adui, adui ana haki ya kumla palepale alipopita, kama vile amekwenda nyumba moja tu. Sharti ni moja: amle hapohapo. Akichelewa kwa zamu moja, haki imekwisha. Enoka akamuuliza sheria hiyo imeanza lini, kama imeletwa na kompyuta. Dereva akasema ni ya zamani, kabla ya babu zetu wote. Akachukua karatasi zake akaenda.

Shemeji aliokota kiti akakikalia. Nilimwambia neno la utani, hakunirudishia, na hapo nikaogopa. Kisha alisema, "Kwa hiyo Boazi hakuiba."

Nikarudi kwenye fotokopi zangu. Mimi ni mtu wa kuchapa barua.

Wiki ile hakulala vizuri, Tabita aliniambia. Mara aseme Boazi alikuwa anaijua sheria, kwa nini asijitetee? Mara aseme hakuijua, kwa hiyo aliiba, kwa hiyo yeye Enoka hana kosa. Mara aulize mtu anaweza kuiba kitu ambacho ni haki yake? Aliniuliza na mimi, akamuuliza na mchungaji, na mchungaji akaomba kwanza aelezwe huyo askari ni wa jeshi gani. Mwishowe dada yangu akachoka. Akasema Boazi yupo Ivuna, watu wa mnadani wamemwona, anauza chumvi. Nenda ukamuulize mwenyewe. Na mimi nikaambiwa nimsindikize, kwa kuwa ndimi shahidi niliyeona kompyuta ikila.

Tulipanda gari la mizigo, tukashuka bondeni mpaka joto likatupokea. Shemeji alishika ule ubao wa zamani kifuani njia nzima. Hakuniita mke mdogo hata mara moja.

Tulimkuta Boazi nje ya nyumba yake, chini ya paa la nyasi, na marobota ya chumvi. Amezeeka, amekuwa mweusi wa jua la huko, lakini tabasamu ni lilelile nililosimuliwa. Alitukaribisha, mkewe akaleta maji, tukaulizana habari za watoto na mvua kana kwamba tumeonana mwezi uliopita. Niliona hana mzani. Anauza kwa kopo. Kila mteja, wengi wao wafugaji, anajaziwa kopo, anasogezewa machoni, ndipo linamiminwa kwenye mfuko wake.

Enoka akafungua ubao. Akapanga kete chache, akamweleza kila kitu: kompyuta, virusi, dereva wa Zambia, sheria. Akamrusha askari nyumba mbili, akamla mwenyewe kwa niaba ya Boazi. Akasema amekuja kuomba msamaha, kwa sababu mwenzake alikuwa na haki.

Boazi aliutazama ubao.

"Mimi hiyo sheria sikuijua, Enoka," alisema. "Niliona unanipita ubavuni bila hata salamu, roho ikaniuma, nikamla."

Shemeji yangu alibaki na mdomo wazi. Yule mwenye maneno kuliko kiwanda kizima cha kahawa. "Sasa," alisema, "uliiba au hukuiba?"

"Hata mimi sijui. Wewe ndiye uliyekuwa unajua."

Mbuzi wa jirani alikuja akanusa ubao, nikamfukuza ili nipate la kufanya. Boazi akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayetaka kuelewa chombo kipya:

"Na hiyo kompyuta, ilipokula, uliiita mwizi?"

"Niliiita."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Ikafanyaje?"

Enoka akafikiri. "Haikufanya kitu. Ilikaa inaningoja nicheze."

Boazi akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilihama," alisema.

Enoka alianza kuongea. Alisema mambo ya foleni, ya viongozi wa chama, ya lile jibu alilowapa, akakwama, akarudia mwanzo. Kisha akasema kitu kimoja kilichonyooka, kwamba alijua. Alijua siku ileile kuwa mzani wa Boazi hauna shida, kwa sababu walikuwa wanaujaribu pamoja kila asubuhi, na alipoulizwa hakusema, kwa hasira ya kete moja. Boazi alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe, na hakusema hajasamehe. Alisema jua linakwenda, gari la kurudi likiwaacha mtalala na mbu.

Enoka akauacha ubao pale juu ya robota, na kete zake zote. Boazi hakuukataa wala hakuugusa. Mpaka leo sijui maana yake ni nini, na shemeji ananiuliza mimi.

Tulipoinuka Boazi akasema hatuwezi kuondoka mikono mitupu, dada yangu apelekewe chumvi. Akachota kopo la kwanza, likafurika. Akalitikisa chumvi ishuke, akaongeza, akasawazisha juu kwa kiganja. Nilishika mfuko wazi nikingoja amimine. Hakumimina. Ilikuwa zawadi, haina bei, hakuna aliyekuwa anapima kitu, lakini alilinyanyua lile kopo mpaka usawa wa macho ya Enoka, akalishikilia hapo.

"Angalia mwenyewe," alisema. "Limejaa?"

Shemeji yangu akasema limejaa. Boazi akamimina, akachota la pili, akalinyanyua tena.