Luhaga na Simu Yenye Macho Matatu

Luhaga wa Limbu alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, ile iliyonyesha mpaka samaki wa Lamadi wakaja Bariadi kwa miguu. Mmoja nilimkaanga mwenyewe, bado ana vumbi kwenye visigino. Mimi ni senge yake Luhaga, dada wa marehemu baba yake. Kati ya nyumba yake na yangu kuna shamba moja tu la pamba, kwa hiyo hakuna anachokula nisichokijua.

Kazi yake ni kutazama. Binti akiposwa, ukoo wa binti humtuma Luhaga kwa wakwe kuangalia ng'ombe wa mahari kabla hawajaletwa. Zamani walikuwa wanakwenda wazee watano, wanakula mbuzi wa watu siku tatu, na wakishashiba kila ng'ombe wanamwona mnene. Siku hizi anakwenda Luhaga peke yake na simu. Kila ng'ombe anampiga picha mbele, ubavuni na nyuma, anazituma, na wazee wanaamua wakiwa kwao wamekaa: huyu tunampokea, huyu abaki aendelee kula. Picha ikishatoka kwa Luhaga hakuna anayebisha. Hata mbwa wa wakwe, nasikia, wakimwona wanainamisha kichwa.

Simu yenyewe anayo mwaka wa sita sasa. Imepasuka kidogo kwenye kona, lakini chaji inakaa kutwa na mtandao inaushika hata kule porini Meatu. Iliwahi kukanyagwa na dume ikaendelea kuongea. Aliyechechemea wiki nzima ni dume.

Mwaka huu pamba yake ilitoka vizuri, basi akapita kwa Selestini, muuza simu pale mjini. Selestini akamwambia alete ile ya zamani, aongezee kidogo, achukue mpya yenye macho matatu mgongoni. Na kwa kuwa Selestini kamwoa mdogo wake Luhaga, akamwachia aende nayo nyumbani aijaribu siku mbili.

Akaja kwangu na simu mbili mfukoni kama mtu mwenye wake wawili, hana amani. Kesho kutwa yake alikuwa aende Mwanhuzi kuangalia ng'ombe wa mahari ya Joyness, mjukuu wangu, ndiyo maana alitaka neno langu. Alisema ya zamani haina kosa lolote, ila wenzake wanaofanya kazi hiyo wameshabadilisha, na vijana wanamcheka kwamba picha zake zinaonekana zimepigwa ndani ya gunia. Na akikosea kwa Joyness, akasema, hakuna atakayemtuma tena, maana mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kumtangaza. Hapo alisema kweli.

Nilimwambia achukue mpya, haraka. Sababu sikumwambia. Jirani yangu Generoza alipigwa picha na simu ya namna hiyo kwenye harusi, akatoka msichana, na tangu siku hiyo anatembea sokoni kama mtu mwenye mchumba. Basi nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikaketi mbele ya ghala, nikamwambia Luhaga tuijaribu kwanza kwangu.

Mwanamke aliyetokea mle hakuwa na kunyanzi hata moja. Lile jino langu lililong'oka, naapa, lilikuwa limeanza kuota. Nikauliza huyu binti ni wa nani, maana anafanana na ukoo wetu.

Luhaga hakucheka. Alinitazama, akaitazama simu, akanitazama tena.

"Senge, makunyanzi yako yamekwenda wapi?"

"Yameondoka. Usiyaite."

"Kama wewe imekufanya hivi, mtamba mwenye mbavu nje itamfanyaje?"

Tukaenda zizini kwake, akampiga picha ng'ombe wake mkongwe kwa simu zote mbili. Kwenye ile mpya nyasi kavu ziligeuka kijani na yule mkongwe aling'aa kama kapakwa mafuta; nilimwonea wivu. Kwenye ya zamani kulikuwa na mifupa yake yote, kinyesi mkiani na kupe sikioni.

Akampigia Selestini. Selestini akaeleza kwamba kuna mahali pa kubonyeza, huko kurembesha kunazimika kabisa.

"Najua kutazimika, shemeji," Luhaga akamjibu. "Wazee watajuaje kama nilizima?"

Jioni ile ile simu ya macho matatu ikarudi dukani.

Mwanhuzi alikwenda na ile ya siku zote. Katika picha alizotuma, wazee wetu wakakataa ng'ombe wawili, mmoja kwato mbovu, mwingine mbavu zinahesabika. Wakwe wakaleta wengine wawili, nao wakapigwa picha upya. Lori lilipowashusha hapa kwetu, shemeji yangu Maige, ndiye mkubwa wa ukoo, alisimama mlangoni mwa zizi na picha mkononi, akawapitisha mmoja mmoja. Sikio lililochanika, lipo. Kovu la begani, lipo. Joyness alikuwa anachungulia jikoni, amesahau chungu motoni. Alipopita wa mwisho, Maige akasema, "Ni hawa hawa," akaomba maji ya kunywa, nasi tukajua binti ameolewa.

Kisha nikamwona baba mkwe wa Mwanhuzi, yule aliyekataliwa ng'ombe wawili, anamvuta Luhaga pembeni. Nikadhani ni ugomvi. Nikasogeza kigoda changu nisikose kitu.

Kumbe alikuwa anaomba namba. Ana binti wa kuozesha Lamadi mwakani, naye anataka Luhaga ndiye akamwangalizie ng'ombe.

"Na simu usibadilishe kwanza," akamwambia.

Luhaga akamtajia namba taratibu, tarakimu moja moja, na yule mzee akairudia mpaka ikamkaa.