Shosho wa Kompyuta Hakuonja

Watu wangu, leo nimekataa kinywaji cha shosho wa kompyuta, nikafa.

Binamu yangu Njeru, hapa mtaa wa Majimbo mjini, alinifungulia geimu ya mapanga na mazimwi. Eti unatembea popote. Hakuna ua, hakuna mbwa, hakuna mwenye shamba.

Hapo tu nikashuku.

Shosho mmoja, bibi kizee wa mvi, akatoka nyumbani kwake na kikombe, akanipa.

Hanijui! Na hakuonja! Kwetu kijijini Karurumo mwenyeji huonja kwanza, ndio mgeni anywe. Nyinyi mngekunywa?

Nikapita. Msituni, fisi akanimaliza.

“Hiyo ilikuwa dawa ya nguvu, mshamba wewe!” Njeru akacheka mpaka machozi.

Akiwa bado anacheka, akanimiminia uji. Akapiga funda moja, ndio akanipa.

“Na hilo funda lilikuwa la nini?” nikamuuliza.

Kicheko kikaisha.