Shemeji yangu aliandika uongo mtandaoni, posa ya binti yangu ikasimama

Admin, Bwana asifiwe. Ndugu zangu wa ukurasa huu hamjambo? Wakubwa zangu shikamooni. Natumaini ninyi na watoto ni wazima. Mimi mwili ni mzima ila moyo una kichefuchefu. Naomba jina langu lifichwe.

Ni mama wa miaka 51, mjane, nalima migomba na kahawa huku Mabira, Kyerwa. Nimeishia darasa la saba. Binti yangu alipata mchumba wa Igurwa, kijana mcha Mungu. Wazazi wake wakaja kujitambulisha, tukala, tukaomba pamoja, tukapanga siku ya mahari.

Haikupita wiki, mshenga wao akanipigia. "Mama, tumesimamisha. Ensaiklopidia ya mtandaoni imeandika muziro wa ukoo wenu ni senene. Na sisi ni senene. Hawa watoto ni ndugu."

Kwa msio wa huku, muziro ni kile ambacho ukoo haukili kabisa, na wenye muziro mmoja ni damu moja, hawaoani. Wale wakwe kweli senene, hao panzi wa msimu, hawali. Lakini sisi! Msimu ukifika, kwangu kikaango hakipoi. Wifi yangu mkubwa alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, marehemu kaka yangu alikuwa anakula senene hata kabla hawajanyonyolewa mabawa! Huyo aliyeandika alizaliwa wapi?"

Nikamwendea karani wa kanisani kwetu, ana kompyuta. Akaniambia, "Mama, hiki kitabu hakina mwenyewe. Yeyote anaandika, na yeyote anafuta. Ila kinaweka kumbukumbu ya aliyegusa." Akafungua. Mstari ule uliingizwa siku tatu baada ya ugeni wetu, na aliyeuandika anajiita Bihogo.

Bihogo ni ng'ombe wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Yule ng'ombe shemeji humsifia kila harusi, mtaa mzima unamjua. Na shemeji huyu ni mzee wa kanisa, anapitisha kapu la sadaka Jumapili.

Nikaenda kwake. Hakukana hata kidogo. "Shemeji, siku ya wageni mlimpa usemaji mdogo wangu, mimi mkaniketisha na watoto."

"Kwa sababu ukishika maneno huachii! Ndiyo umwangamize mtoto wa ndugu yako?"

Akacheka. "Sijamgusa mtoto. Kitabu kinaruhusu kila mtu kuandika. Kwani mimi si mtu?"

Ndugu zangu, nimeona mengi katika ujane, lakini kinyaa kama kile sijawahi. Nikaondoka bila kuaga.

Karani akanielekeza, nikaufuta ule mstari kwa kidole changu mwenyewe. Haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi moja. Badala ya kufurahi nikajisikia mchafu, maana kama mimi wa darasa la saba nafuta kirahisi hivi, ni mangapi tunayosoma yameandikwa na akina Bihogo? Na kweli, mshenga alipoambiwa asome tena alinijibu, "Mama, juzi kilisema hivi, leo kinasema vile. Sasa tunakuja Jumamosi kumsikia mkubwa wa ukoo kwa mdomo wake."

Mkubwa wa ukoo ni nani? Ni yeye shemeji! Ameshanitumia ujumbe kwamba atasema "kama ilivyoandikwa". Binti yangu hali, amekunja kitenge chake cha posa akakirudisha sandukuni.

Nimefunga na kuomba siku tatu. Jambo moja tu linanijia. Ndani nina kopo la senene wa kukaanga, wale wa msimu uliopita, na shemeji kwa senene hajawahi kujizuia. Nikimwekea sahani mbele ya wakwe, akila amejiumbua, na asipokula wifi yangu atacheka mbele ya wote. Lakini ni kaka wa marehemu, ni mzee wa kanisa, na Biblia inasema mkosaji umwonye kwanza mkiwa wawili. Nimeshamwonya, akanicheka.

Nishaurini, niipeleke hiyo sahani au ninyamaze nimwachie Mungu? Tafadhali nijibuni mapema, Jumamosi ni keshokutwa.