Dear Madam, Wako Mwaminifu

Jumanne nilikuwa Kashaulili nanunua dagaa wa Ikola, muuzaji akanipa habari kabla hajanifungia mzigo: yule mzee mchapaji barua wa hapo sokoni amefariki, na wamezika jana. Wasomaji wangu mnisamehe, wiki hii siasa zisubiri. Mzee yule alikuwa na meza moja, taipureta moja na kanuni moja ya Kiingereza. Ukianza barua bila jina, “Dear Sir” au “Dear Madam”, unamaliza “Yours faithfully”, wako mwaminifu. Ukitaja jina, unamaliza “Yours sincerely”, wako wa dhati. Kanuni hiyo nusura inivunjie ndoa.

Miaka kadhaa iliyopita mke wangu, mwalimu wa Kiingereza, alikuta kwenye simu yangu meseji zisizoelezeka, akafunga begi akaenda kwao Kasekese. Simu hapokei. Nikaona nimwandikie kwa Kiingereza, labda atapoa, ila Kiingereza changu, jamani, ni cha kuombea maji. Nikaenda kwa mzee, nikamwomba amalizie na faithfully, maana uaminifu ndiyo kesi yenyewe. Akagoma. “Jina lake si unalijua? Basi ni sincerely. Siharibu lugha ya watu kwa ajili ya michepuko yako.” Nikang’aka, wapi! Barua ikaenda, ikarudi baada ya siku nne imesahihishwa kwa wino mwekundu. Sincerely imekatwa, pembeni kaandika: “Uaminifu uko wapi?”

Nikaitupa ile barua mezani kwa mzee. “Umeona? Umenimaliza!”

Akavaa miwani, akasoma polepole. “Mwanangu, umekaa naye miaka mingapi?”

“Tisa.”

“Na hukujua kwamba ataumia?”

Nikaanza kuikunja ile barua.

“Basi huyu humjui.” Akachomeka karatasi mpya, jina akaliruka, akagonga Dear Madam. Mwisho akagonga faithfully, kwa raha zake, kanuni haijavunjwa. Mimi aibu tupu: mke wa ndoa kuandikiwa kama mkuu wa shule! Nikaituma hivyo hivyo.

Jumamosi mke wangu akashuka kwenye bodaboda, akaweka begi mlangoni, hakuingia. “Madam ni mimi,” akasema. “Wewe nani?”

Nikajitambulisha, jina langu na la baba, kisha meseji zote, moja baada ya nyingine: nani alituma, nilijibu nini. Alinisikiliza kasimama. Nilipomaliza akaniambia nibebe begi.

Mzee wangu, nenda salama. Nami nawaambia waume wenzangu: kabla hujajiandika mwaminifu mwisho wa barua, hakikisha unamjua uliyemwita mwanzo.